Alhamisi, Sinaw

Alhamisi alfajiri Bwana Saif ananipandisha nyuma ya pikapu
pamoja na kamba, ndoo na mfuko wa majani makavu.
Mtoto ametimiza siku saba. Anatafutiwa mbuzi wa akika.
"Wewe si mtu wa mifugo? Njoo unichagulie."
Miaka miwili nimekunja shuka zake;
leo ndiyo mara ya kwanza ananiuliza jambo ninalolijua.

Soko la Sinaw ni duara.
Wenye mbuzi wanazunguka, wenye pesa wamesimama,
bei inapigiwa kelele: riali sitini, sabini, Mungu karimu, themanini.
Mnyama hapa hana jina. Ana uzito.

Kwetu Basotu baba aliwatambua gizani kwa kikohozi.
Akimtaja mmoja atakutajia na mama yake, na bibi yake,
alikuja kwa mahari ya nani, aliponea ukame upi.
Nasaba ya ng'ombe ilikuwa ndefu kuliko yetu.
Sisi watu tulidandia katikati, kama kupe.

Bwana anaonyesha beberu mweupe, tumbo kama debe.
Namfunua midomo: ufizi umepauka.
Nabonyeza ubavu: maji.
Amelambishwa chumvi usiku kucha, akanyweshwa asubuhi.
"Huyu si mnene, Bwana. Huyu ni kiriba."

Mwenye mbuzi ni mama wa Kibedui.
Barakoa yake ya nili imemwachia rangi shavuni,
buluu ambayo sabuni imeshaikatia tamaa.
Ananitazama macho,
na miduara inayoyazunguka, nukta kwa nukta,
niliyochanjwa na shangazi Udamasi kwa wembe mpya wa dukani
siku ambayo sikulia, na kila mtu aliona sikulia.

Lugha hatuna.
Anagusa barakoa yake. Ananyoosha kidole kwenye shavu langu, hakifiki.
Kisha anacheka, cheko la mtu aliyekamatwa,
anazunguka nyuma ya gari lake, anarudi na mwingine:
mdogo, kahawia, mkaidi.
Kamba ananipa mimi, si Bwana.

Basi nikazunguka naye. Mzunguko mmoja tu.
Nikamwita kwa sauti ya chini jina la ng'ombe wa bibi,
yule aliyekataa kukamuliwa na mkono mwingine.
Masikio yakasimama.
Usiniambie mbuzi wa Oman hajui Kidatoga.

Usiku wa jana kaka Gidamuring' alinitumia picha:
bung'eda ya babu imefika kifua cha mtu.
Udongo, samadi, fito. Koo zote zimekuja na mikono yao,
mpaka wajukuu wa Mbulu wametia donge,
na mwezi wa tisa kaburi litakuwa kilima.
Nikaikuza picha kwa vidole viwili
nikitafuta palipopungua donge moja.
Hapaonekani.
Hilo ndilo lililoniuma.

Akika haivunjwi mifupa. Nyama ikagawiwa nyumba kwa nyumba.
Mimi niliomba ngozi.
Bibi Zuwena, mzaliwa wa Wete, akashangaa:
"Ngozi ya nini, nawe magauni yamejaa kabatini?"
Kwetu mke hutembea ndani ya ngozi aliyoikwangua mwenyewe,
vishada vikisema hatua zake kabla hajafika.
Nikajibu, "Ya kukalia, Bibi."

Sasa imewambwa juu ya paa,
kati ya dishi la televisheni na mashine ya baridi.
Vigingi sina, nimetumia vibanio vya nguo na matofali.
Jioni naikwangua kwa kisu cha vitunguu.
Majirani wamelalamikia harufu.

Bibi akapanda ngazi, goti kwa goti, aje aniamuru niitupe.
Akasimama. Akavuta pumzi, akaikalia kimya.
"Zizi," akasema. "Baba alikuwa na zizi, nyuma ya mikarafuu."
Akageuza ndoo, akakaa juu yake,
akanionyesha kwa fimbo pembeni, pale nilipokwangua vibaya.